Beji ya Gari Lingine

Kando ya gia liva ya gari ninaloendesha, pale mkono wa dereva unapopumzika, nimebandika beji ya duara yenye upana wa sentimita nne hivi. Ni ya shaba, imetiwa enameli ya buluu iliyokoza, na upande mmoja ukingo wake umemeguka. Kila anayepanda kwa mara ya kwanza huitazama, kisha hutazama nembo iliyo katikati ya usukani, kisha huuliza: mbona hii si ya gari hili?

Kweli, si ya gari hili. Ilikuwa ya gari la kwanza la marehemu Baba, lililouzwa kabla sijaanza shule. Nilivyosimuliwa tangu utotoni ni kwamba mnunuzi alipokuja kulichukua, Baba alimwomba jambo moja tu: aachiwe beji ya mbele. Akaibandua kwa bisibisi, akaifunga kwenye leso, na gari la pili lilipofika akaibandika ndani, kwenye dashibodi, mbele ya kiti cha Mama. Lilipokuja la tatu akaihamishia humo, mahali pale pale. Hili la nne nimelinunua mimi, na beji ikanifikia pamoja na saa yake na miwani yake.

Nembo ya nje ya gari hutazama watu. Humwambia anayevuka barabara gari limetoka kiwanda gani, na wewe uliyeshika usukani huioni kabisa. Ya ndani hukutazama wewe. Unakaa nayo kwenye foleni, mvua ikinyesha, redio ikikwaruza, usiku ukiwa peke yako. Ndiyo maana napenda sana vitu vidogo ambavyo watu huweka ndani ya magari yao, na nikipewa lifti macho yangu huenda huko kabla hata sijafunga mkanda. Stika ya mtoto kwenye kioo cha mlango wa nyuma, jina lililoshonwa kwenye kichwa cha siti, medali ya mtakatifu karibu na spidomita, kifungo cha koti la mtu aliyekwisha ondoka. Gari limetoka kiwandani likiwa sawa na maelfu ya wenzake. Kitu kimoja kama hicho kikiingia, linakuwa la mtu.

Viwanda vyenyewe vinalijua hilo tangu zamani. Nembo ya Porsche, ile yenye farasi na pembe za kulungu, wengi tunaijua kwa kuiona juu ya boneti. Lakini ilipoanza kutumika, mwishoni mwa mwaka 1952, ilikuwa katikati ya usukani wa Porsche 356, mbele ya macho ya dereva. Kwenye boneti ilifika mwaka 1954. Napenda kufikiri juu ya miaka ile miwili ambapo aliyeiona nembo kila siku alikuwa yule tu aliyeendesha.

Volkswagen Beetle za zamani nazo zilikuwa na chombo kidogo cha maua cha kauri, ambacho mwenye gari alikinunua na kukifunga kwenye dashibodi. Ua moja, maji kidogo, na injini inanguruma nyuma. Gari hilo liliporudi na umbo jipya mwishoni mwa miaka ya 1990, lilitoka kiwandani likiwa na chombo chake cha maua karibu na usukani. Toleo lililofuata halikuwa nacho, na mimi naamini lilipoteza kitu.

Ila mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Gunhild Liljequist. Huyu alikuwa mchoraji wa vyombo vya kauri kabla ya kuajiriwa Volkswagen mwaka 1964, katika idara ya rangi na vitambaa. Golf GTI ilipokuwa inaandaliwa kwa ajili ya kutoka mwaka 1976, yeye ndiye aliyechagua kitambaa cha drafti cha siti, kama zile drafti za Kiskoti, na ndiye aliyetoa wazo la kuweka mpira wa gofu juu ya gia liva. Hebu fikiria: gari la kasi, kampuni kubwa, wahandisi wamejaa, na kitu ambacho madereva wanakikumbuka viganjani mwao miaka yote hii ni mpira mdogo wenye vishimo uliotoka kwenye kichwa cha mtu aliyezoea kupaka maua kwenye vikombe.

Siku hizi unaweza kuagiza upekee huo kiwandani. Mwaka 2018 kampuni ya magari ya MINI walianza kuwaruhusu wateja kubuni wenyewe kwenye mtandao vipande vya kupamba gari, jina au mchoro, kisha vingine kati ya hivyo vikachapwa kwa mashine ya 3D. Rolls-Royce hutoboa ngozi ya dari matundu mamia kwa mamia na kupitisha nyuzi nyembamba za kioo zinazobeba mwanga, ili usiku dari ionekane kama anga. Mteja anaweza kuomba nyota zipangwe kama zilivyokuwa siku aliyozaliwa. Kazi hiyo hufanywa kwa mkono na naistahi. Hata hivyo mtu akiniuliza, nitasema kifungo cha koti kina uzito ambao dari ile bado haijaupata. Labda itaupata, mtoto wa mwenye gari akishalala chini yake safari nyingi.

Turudi kwa beji ya Baba.

Nilipolinunua gari hili niliibandika mahali alipokuwa akiiweka yeye, mbele ya kiti cha abiria, kwa supagluu. Sikufikiri mara mbili. Baada ya siku chache nikaona ukungu mweupe umezunguka beji kwenye plastiki nyeusi. Nikasugua, haukutoka wote. Huo ni mvuke wa gundi yenyewe, ambao hupanda kabla gundi haijakauka, ukatua pembeni na kugeuka unga mgumu. Hilo ningeweza kuishi nalo. Kisha ikaja siku ya jua kali. Niliegesha gari nje tangu asubuhi, na nilipofungua mlango alasiri dashibodi ilikuwa na doa tupu. Beji ilikuwa imelala kifudifudi chini ya siti, kwenye chuma cha reli, na kipande cha enameli cha ukubwa wa punje ya mchele kimeruka. Nilikitafuta kwa tochi. Sikukipata.

Enameli ya kweli ni kioo. Ni unga wa kioo uliotandazwa juu ya shaba ukachomwa kwenye tanuri kwa joto la nyuzi 800 hivi hadi ukayeyuka na kushikamana na chuma. Ndiyo maana buluu ile haijafifia wala kuchujuka tangu kabla sijazaliwa, na ndiyo maana haikustahimili kuanguka mara moja tu. Beji nyingi za sasa ni plastiki iliyopakwa kromu nyembamba, au karatasi iliyochapwa na kumwagiwa utomvu wa kung'aa. Hizo huanguka bila kuumia, lakini jua huzichosha.

Nilikaa usiku ule nikitafuta kosa langu. Kwanza ni joto. Mwaka 2018 watafiti wa Arizona nchini Marekani walichapisha vipimo vya magari yaliyoegeshwa juani wakati wa kiangazi: baada ya saa moja tu, dashibodi zilikuwa na wastani wa nyuzi 69 za Selsiasi, usukani 53, siti 51. Dashibodi ndiyo sehemu inayoungua kuliko zote kwa sababu inalala wazi chini ya kioo cha mbele. Pili, vitu hutanuka vikipata joto, wala havitanuki sawasawa. Plastiki ya aina ya polipropilini, inayotumika sana ndani ya magari, hutanuka mara tano ya shaba na zaidi. Kila siku ya jua plastiki ilikuwa ikivutana na beji, na usiku ikirudi. Supagluu ikikauka inakuwa ngumu kama ukucha, haijui kunyumbuka. Ilivumilia, ikavumilia, ikakatika.

Kinachofaa ni kitu laini. Kuna tepu ya pande mbili iliyotengenezwa kwa povu la akriliki. Kampuni ya 3M waliitoa mwaka 1980, na leo ndiyo inayoshikilia nembo nyingi za nje za magari bila skrubu. Povu lile hunyumbuka katikati, hivyo plastiki inaweza kwenda na kurudi bila kuing'oa shaba. Lakini lina masharti, na humo ndimo wengi tunamokosea. Sehemu ya kubandika isafishwe kwa spiriti iliyochanganywa na maji, ikauke kabisa. Yale mafuta ya kung'arisha dashibodi huacha utando wa silikoni ambao hakuna tepu inayoupenda, na kufuta kwa kitambaa kikavu ni kuuhamisha tu. Polipropilini yenyewe kwa asili haipendi kushikwa, kwa hiyo kuna dawa maalumu ya kupaka kwanza ili gundi ipate pa kukamata. Halafu ubonyeze kwa nguvu, kisha uache. Tepu hiyo hushika nusu ya nguvu zake ndani ya dakika ishirini, lakini nguvu yote inataka saa 72. Siku tatu. Niliegesha kivulini siku tatu, nikatembea kwa miguu.

Ilishika. Nilijaribu kuisukuma kwa kidole gumba, haikutikisika hata kidogo. Nilifurahi kama mtu aliyelipa deni.

Miezi michache baadaye mdogo wangu wa kike alinunua gari lake la kwanza, akaja kutuonyesha. Ndani alikuwa amelipamba vizuri, kwa jicho lake: kava za siti za rangi ya mchanga, zulia linalolingana nazo, herufi ya kwanza ya jina lake kwenye funguo. Na katikati ya usukani, juu ya nembo ya kiwanda, alikuwa amebandika bamba la chuma lililojaa vijiwe vinavyometameta.

"Kaka, si pazuri?" akaniuliza.

Palikuwa pazuri. Nikamwambia tulibandue kabla hajaondoka.

Niliona uso wake ukibadilika, nami nikaona afadhali nimweleze vizuri kuliko kuamrisha. Katikati ya usukani ni kifuniko cha mfuko wa hewa, eabegi. Chini ya ile nembo kuna mistari ambapo plastiki imepunguzwa unene makusudi, ili ajali ikitokea ipasuke kwa mpangilio na kufunguka kama petali. Mfuko hujaa ndani ya sehemu thelathini hivi za elfu za sekunde. Kufumba na kufumbua, tunayoitaja kila tunapotaka kusema haraka, huchukua mara tatu ya muda huo au zaidi. Chochote kilichobandikwa juu ya kifuniko hurushwa kwa kasi ile ile kuelekea kitu kilicho karibu zaidi, ambacho ni uso wa dereva. Si jambo la kudhania. Mwaka 2022 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilitoa onyo kuhusu mapambo ya namna hiyo hasa, baada ya dereva mmoja kupoteza uwezo wa kuona kwa jicho moja: ajali ilitokea, mfuko ukafunguka, bamba la vijiwe likabanduka kwenye usukani. Vitu hivyo huuzwa vikiwa vimekatwa kwa umbo la nembo za kila kampuni, kana kwamba kiwanda kimevibariki.

Tukaangalia na kava za siti. Magari mengi yana mfuko mwingine ubavuni mwa siti, na kava isiyo na mshono wa kuachia hapo huufunga ndani kama mtu aliyefungwa gunia. Za kwake zilikuwa na uwazi. Kwenye kioo cha kati alikuwa ametundika shada la shanga. Hilo nalo nilimwomba alitoe, na hakubisha. Kitu chenye upana wa sentimita kumi kilicho sentimita sitini kutoka usoni hufunika, kwa jicho moja, karibu mita mbili na nusu za barabara kwa umbali wa mita kumi na tano. Mtoto anaenea humo. Tena kinaning'inia, na jicho la binadamu limeumbwa kufuata kinachotikisika.

Bamba lilitoka. Akaliweka kwenye mkoba wake kimya. Kisha akainuka, akatembea hadi kwenye gari langu, akafungua mlango wa abiria, akainama.

"Na hii ya Baba?"

Nilianza kumjibu kwamba ile ni tofauti, iko kwenye dashibodi. Yeye alikuwa ameweka kidole chini ya beji, sentimita tatu hivi, kwenye maandishi madogo yaliyochongwa kwenye plastiki, meusi juu ya weusi, ambayo nilikuwa nimeyapitia kwa kitambaa mara nyingi nilipokuwa nasafisha: SRS AIRBAG.

Sijui kueleza vizuri nilichokisikia mwilini. Kwenye usukani kila mtu anajua kuna mfuko kwa sababu kifuniko kinaonekana. Upande wa abiria, kwenye magari mengi, mshono hauonekani kabisa. Plastiki hukatwa kwa ndani, juu inabaki laini. Gari la pili la Baba na la tatu hayakuwa na kitu mahali pale ila plastiki na nyaya. Alipoiweka beji mbele ya Mama ilikuwa salama. Mimi nilirithi mahali bila kuuliza kama mahali pamebadilika. Na kwa siku tatu nzima, kwa spiriti na tepu bora kuliko zote, nilikuwa nimehakikisha kwamba kipande cha shaba na kioo kimekaa imara juu ya mlango wa mfuko unaoweza kufunguka kwa kasi inayofika kilomita 300 kwa saa, kikimwelekea aliyekaa pale. Anayekaa pale mara nyingi ni Mama.

Tuliitoa jioni ile ile, mimi na mdogo wangu. Ukitaka kubandua beji iliyoshikwa na tepu ya povu usitumie bisibisi, utaichuna plastiki na kuipinda shaba. Pasha joto taratibu kwa draya ya nywele, kisha pitisha uzi imara nyuma yake, wa kuvulia samaki au ule wa kusafishia meno, ukivuta huku na huku kama unakata mti kwa msumeno wa watu wawili. Yeye alishika ncha moja, mimi nyingine. Povu lilikatika polepole kwa sauti nyembamba, na beji ikadondokea kiganjani mwake. Mabaki ya gundi tuliyasukuma kwa kidole gumba hadi yakajikunja yote.

Kutafuta mahali papya kulinichukua wiki. Juu ya dashibodi hapafai hata pasipokuwa na mfuko: kitu kinachong'aa pale hujirudia kwenye kioo cha mbele jua likipiga, na ndiyo sababu dashibodi nyingi hutengenezwa nyeusi isiyong'aa. Chini ya usukani kuna magari yenye mfuko wa magoti. Kingo za dari zina mifuko ya pazia. Nilisoma kitabu cha gari ukurasa kwa ukurasa, jambo ambalo ningepaswa kulifanya mwanzo, hadi nikapata ubavu wa gia: plastiki ngumu, bapa, kivuli karibu siku nzima, na hakuna kinachofunguka.

Kilichonisumbua ni Mama. Beji ilikuwa mbele yake kwa magari matatu. Nilipomchukua safari ya kwanza baada ya kuihamisha, sikumwambia. Alifunga mkanda, akanyoosha mkono kuigusa kama anavyofanya siku zote, na kidole chake kikakuta plastiki tupu. Nikamwonyesha ilipo, nikamweleza sababu, maneno yakinitoka haraka haraka.

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaigusa pale ilipo, akapapasa ule ukingo uliomeguka.

"Baba yenu hakuiomba hii," akasema. "Yeye alikuwa amekwisha mpa mtu funguo. Mimi ndiye niliyerudi nyuma."

Alikuwa na mimba yangu, akaniambia, walipokuwa wakienda kliniki kwa gari lile, na aliposhuka alikuwa akishika boneti ajizuie asianguke, na beji ndiyo iliyokuwa chini ya kiganja chake. Gari lilipouzwa alimwambia Baba kwamba gari liende lakini ile ibaki. Baba akaomba bisibisi. Leso ilikuwa yake Mama. Ndiyo maana miaka yote iliwekwa mbele ya kiti chake. Nami nilikuwa nikidhani Baba alikuwa anamwonyesha.

Tulienda kilomita kadhaa bila kusema. Halafu akaniuliza ilibandukaje, maana aliona nimesema imeshika sana. Nikamweleza habari ya draya na uzi. Akataka kuuona. Niliegesha pembeni, nikafungua kisanduku cha dashibodi, nikamwonyesha kijiti kidogo nilichouzungushia, pamoja na kipande cha karatasi nilichoandika: pasha joto kwanza, vuta taratibu, usitumie bisibisi. Aliisoma karatasi, akaukunja uzi upya vizuri kuliko nilivyokuwa nimeukunja, akaurudisha.